Jumatano kwa Daktari Kostiuk

Jumatano ndiyo siku aliyokula bibi yangu. Siku nyingine alikata mkate, akautazama, kisha akaenda kuwamegea njiwa wa Barabara ya Pili. Lakini kila Jumatano alirudi kutoka kwa Daktari Kostiuk, daktari wake wa akili, akavua kitambaa cha kichwani na kuuliza kama kuna supu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu babu afariki. Alichokuwa akimwambia daktari sikukijua, wala sikuuliza. Nilijua tu kwamba alikisema kwa Kiukreni, mlango ukiwa umefungwa, na kwamba akishakisema alipata njaa.

Mwezi wa kumi daktari alimwambia kuwa kuanzia Januari anajitoa Medikea, bima ya serikali ya wazee iliyokuwa ikimlipia. Bibi hakushtuka.

"Amekula vareniki zangu mwaka mzima," aliniambia huku akikanda unga wa kufungia viazi ndani yake. "Mtu hali chakula chako halafu akakufungia mlango. Tutafute bima kubwa zaidi, basi."

Msimu wa kuchagua bima ulikuwa umeanza. Tukaenda kituo cha wazee kwa Bwana Fontánez, ambaye hujitolea kuwasaidia watu kuchagua.

"Karibu, mrembo!" alimpokea bibi. "Leo umeniletea nini?"

"Mwambie akapike kwake," bibi aliniambia, lakini alitabasamu. "Na mwambie nataka ile bima inayokubaliwa na kila daktari."

Nilitafsiri la pili tu. Bwana Fontánez alikuna kidevu.

"Ipo Medikea yenyewe, ukiongeza bima ya nyongeza juu yake. Unakwenda kwa daktari yeyote anayepokea Medikea. Anayepokea, binti yangu. Huyo wenu kajitoa. Mchukue hii, mchukue ile, hakuna itakayomlipa hata senti. Atataka pesa mkononi."

"Mbona ajitoe?"

"Serikali inamlipa kidogo, kodi ya ofisi haimpi usingizi, na mji huu una matajiri wanaopanga foleni na pesa zao. Madaktari wa akili ndio wanaoongoza kuondoka. Bima zote ni nzuri, binti, alimradi usiugue."

Nilimuuliza kama kuna mwingine anayejua Kiukreni. Alipiga simu mbele yetu. Mmoja alikuwa amestaafu, mwingine hapokei wagonjwa wapya, wa tatu naye kajitoa.

Jumatano iliyofuata bibi alibeba bakuli la vareniki kubwa kuliko siku zote. Daktari Kostiuk alimsindikiza hadi nilipokaa, akiwa amemshika mkono, macho yake mekundu. Alisema atampunguzia nusu ya malipo. Bibi alimshukuru, akamwachia bakuli.

"Nusu ya mlima ni mlima," aliniambia njiani.

Tukachagua mpango wa bima wa kampuni binafsi, wa bei ya chini, kwa sababu ulikuwa na zahanati ya karibu yenye daktari wa akili, na mkalimani kwa simu.

"Ningeweza kuingia nawe mimi, nikakutafsiria," nilimwambia.

"Wewe ni mjukuu wangu. Ya kule ndani si ya masikio yako."

Januari tulikwenda. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye soksi za rangi. Aliniomba nikae mpaka simu iunganishwe, akaiweka mezani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Habari za mchana, mama. Mimi ni mkalimani wako."

Sauti ilikuwa nzito na nzuri. Bibi alinishika mkono wa sweta.

"Ni mtoto wa Stefa," alininong'oneza. "Yule mwimbaji wa kanisani."

"Bibi, wakalimani wako kila mahali. Huenda huyu yuko Chicago."

"Sauti hiyo naisikia kila Pasaka. Leo nikifungua kinywa, Jumapili Stefa anajua."

Nilimweleza daktari, nikiwa nimeinama. Alisema wakalimani wameapa kutunza siri. Nilimtafsiria bibi. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mchanga.

"Mama, unaendeleaje?" daktari aliuliza, na simu ikauliza vilevile kwa Kiukreni.

Bibi alinyoosha kitambaa chake. Hakuijibu simu. Alimjibu daktari kwa Kiingereza, kile kidogo cha kununulia mkate dukani.

"Salama. Asante sana."

"Usingizi unapata?"

"Salama."

"Na kula?"

"Salama, asante."

"Hali chakula, daktari," nilisema. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Bibi hakugeuka. Aliiambia simu kwa Kiukreni, "Mwambie daktari kwamba mjukuu wangu ananipenda, ndiyo maana anazidisha mambo." Na ile sauti nzuri ikatafsiri yote, neno kwa neno. Daktari alinitazama kwa huruma, akaandika, akatupa miadi ya mwezi wa nne.

Nje kulikuwa na barafu iliyochafuka. Nilimshika bibi mkono tukivuka. Ilikuwa Jumatano. Nilimwambia nyumbani kuna supu, akasema ninywe mimi. Tulipofika Barabara ya Pili alisimama, akatoa mkate mfukoni, akaanza kuwamegea njiwa.