Kamera Aliyoichagua Popo

Duka lililokuwa likituuzia filamu liliacha kuziuza mwezi wa pili, na mwenye duka hakuwa hata na adabu ya kuniambia uso kwa uso. Alibandika karatasi kwenye kabati: filamu hakuna, usiulize. Mimi niliuliza. Nikaambiwa mzigo wa mwisho ni zile roli sita za filamu nilizochukua wiki iliyopita, na hakuna anayeagiza tena kwa sababu mnunuzi amebaki mmoja, nami ndiye huyo. Niligombana naye kidogo, maana mimi ni mtu wa kugombana, kisha nikarudi studio kumpa kaka yangu habari.

Studio yetu ilikuwa ya watu wawili. Mbele nilikaa mimi, na pazia la bluu, taa mbili, kiti cha mteja na kioo cha kuchania nywele. Nyuma alikaa kaka, kwenye chumba cha giza, na mabeseni yake ya dawa, taa yake nyekundu na mashine ya kukuzia picha. Watu waliniita Jicho. Yeye walimwita Popo, na mzaha huo haukumuudhi, kwa sababu akitoka mchana kwenda kununua sigara alikuwa anafinya macho kweli na kushikashika ukuta. Miaka ishirini na tisa tulifanya kazi hivyo, mimi napiga, yeye anasafisha filamu na kutoa picha. Kibao cha nje kiliandikwa "Kwa Jicho", na sikuwahi kuona ubaya wake.

"Basi tununue ya dijitali," Popo alisema. Alikuwa anasuuza beseni, wala hakugeuka.

"Unajua maana yake, kaka?"

"Najua. Inatoa picha bila dawa."

"Na wewe je?"

"Mimi nitakuja nikusaidie kuchagua."

Hapo ndipo nilipotakiwa ninyamaze nifikiri. Badala yake nilicheka. Mtu ambaye hajawahi kupiga hata picha ya kuku, leo atanichagulia mimi kamera! Nilimwambia aje tu, asije akalalamika kwamba nimemtenga.

Muuzaji wa kamera alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, mchangamfu kama wauzaji wote kabla hujalipa. Aliweka kamera mbili juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, imekuja na lenzi yake ya kuvuta.

"Hii, mzee wangu, wewe unabonyeza tu," alisema. "Mwanga inapima yenyewe, uso inautafuta yenyewe. Hata mtu akifumba macho, inakwambia."

Ya pili ilikuwa nzito, imetumika kidogo, na inauzwa bila lenzi. Hiyo, alisema, ni ya watu wanaopenda kuipangia kila kitu wenyewe. Kwa lenzi alitutolea tatu. Mbili zilikuwa za kuvuta. Ya tatu ilikuwa ya milimita themanini na tano, fupi na nene, haivuti hata kidogo. Ukitaka mtu aonekane karibu, unamfuata kwa miguu.

Nitasema ukweli. Nilitaka ile nyepesi. Magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika, na habari ya mashine kupima mwanga yenyewe ilinikaa vizuri sana moyoni. Lakini Popo aliomba tujaribu zote. Basi nikampiga muuzaji picha pale pale dirishani, mara kwa kamera hii, mara kwa ile, na yeye akaziweka kwenye kompyuta.

Popo akatoa mfukoni kioo chake cha kukuzia, kile alichokuwa akikagulia negativu, akakiweka juu ya skrini na kuinama mpaka pua ikagusa.

Muuzaji aliangua kicheko. "Mzee, huku tunakuza kwa kubonyeza."

Alimwonyesha. Popo hakuona haya. Akakuza ukope mmoja wa yule mama mpaka ukajaa skrini nzima. Akakuza pembe za picha, akaikataa lenzi moja palepale: "Pembeni inayeyuka." Kisha akakuza kola ya blauzi nyeupe ya muuzaji, akakaa nayo muda mrefu.

"Nyeupe ikizidi mwanga," aliuliza, "huku inarudi?"

"Hairudi, mzee. Ikishapotea ndiyo imepotea."

"Kwenye filamu ilikuwa inarudi."

"Filamu ilikuwa na huruma," muuzaji alisema.

Popo akanitazama. Mimi nilikuwa nahangaika na zipu ya mkoba wa kamera, nikadhani ananiuliza kama nimechoka.

"Chukua hii nzito," akasema. "Na lenzi hii isiyovuta."

"Ile nyingine ni rahisi zaidi, kaka."

"Wewe si fundi? Tangu lini fundi akapangiwa na mashine?"

Aliyasema hayo mbele ya muuzaji, tena kwa sauti. Ningefanyaje? Nilivimba kifua, nikasema bila shaka, ile nyepesi ni ya watalii. Tulipokuwa tunafungiwa mzigo, Popo aliuliza watu wenye kamera hizi wanafanyia nini vyumba vyao vya giza. Muuzaji alijibu kwamba wengi wamegeuza stoo. Popo akaitikia kwa kichwa, akabeba mfuko.

Kwa wiki tatu aliendelea kuja kazini. Sikuwa na kazi ya kumpa. Nilimweka mbele aandike majina ya wateja na kukata picha ndogo za vitambulisho kwa mkasi, lakini mwanga wa mlangoni ulimtoa machozi, na kila nikigeuka nilimkuta amerudi chumbani kwake, amekaa kwenye stuli, mlango umefungwa, taa nyekundu inawaka, mabeseni makavu. Ilinikera. Nilimwambia anakula umeme bure. Maneno hayo niliyasema mimi, na kama ningeweza kuyameza leo ningeyameza. Jumatatu iliyofuata hakuja. Mke wake akanieleza kwamba amepata kazi kwenye ghala la nafaka, anasimamia mizani.

Nikasema moyoni, sawa, amejitafutia riziki. Hata nafuu niliisikia kidogo.

Harusi ya kwanza niliyoipiga kwa kamera mpya ilikuwa ya mchana, uani, jua kali. Nilifanya kama nilivyofanya miaka yote, yaani niliipanga kamera asubuhi mara moja, kwa vipimo vyangu vile vile nilivyovishika kichwani tangu ujana, kisha sikuigusa tena. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera sikuangalia. Kuchungulia kila picha baada ya kuipiga niliona ni mambo ya wasiojiamini.

Siku nne baadaye shangazi wa bibi harusi aliingia studio na bahasha mkononi. Alizipanga picha mezani moja moja, kama mtu anayepanga karata.

"Jicho," alisema mwishowe, "gauni la mtoto limekwenda wapi?"

Niliangalia. Bibi harusi alikuwa na kichwa, na mikono, na maua mkononi. Katikati palikuwa na weupe mtupu. Hakuna mkunjo, hakuna uzi.

"Maua ya kifuani nimeyadarizi mimi," shangazi aliendelea. "Miezi mitano. Macho yameniuma. Niambie yako wapi."

"Ni kamera, dada. Mpya. Ina kasoro."

"Dada yako ungempiga picha hivi?"

Nikakimbilia kwa muuzaji, nimejiandaa kwa vita. Alifungua picha zote mia mbili na kumi, akazipitia taratibu, akavaa miwani, akazipitia tena.

"Kamera yako ni nzima, mzee. Umezidisha mwanga. Zote." Akavua miwani. "Enzi za filamu, picha zako nani alikuwa anazisafisha?"

"Kaka yangu. Yule niliyekuja naye."

Uchangamfu wote ukamtoka yule mama. Akachomoa kadi ya kamera yangu kwenye kompyuta, akanirudishia.

Nilirudi studio, nikaingia chumba cha giza na kuwasha taa nyeupe, jambo ambalo Popo angenipigia kelele. Nikavuta negativu za miaka hiyo na kuzishika kwenye taa. Sikuhitaji kuwa msafishaji kuzielewa. Kwenye negativu nyeupe hugeuka nyeusi, na magauni yote ya maharusi yalikuwa meusi tii, mazito, mwanga umezidi mara mbili, mara tatu. Yale yale. Miaka yote nilikuwa nakosea kosa lile lile.

Chini ya meza kulikuwa na boksi la picha za majaribio, zile anazotoa kwanza kabla ya picha ya mteja. Nyuma ya kila moja palikuwa na penseli ya kaka. "Jicho kasahau dirisha. Uso nimeumulika sekunde nne, ukuta kumi na tatu." "Gauni limeungua, nimelirudisha kwa mkono, nimerudia mara tano." "Bwana harusi hana shingo, nimemtafutia." "Mdogo wangu leo ana haraka." Nilisoma mpaka miguu ikafa ganzi. Kulikuwa na jaribio la picha ya mama yetu, ile kubwa iliyokuwa sebuleni kwangu, ile ambayo kila mgeni aliniambia Jicho una kipaji. Nyuma yake ameandika, "Ameikosa kabisa. Siku mbili. Imekubali."

Niliona aibu. Sijui neno jingine. Niliona aibu peke yangu mle ndani, mzee mzima, nikatamani afadhali mtu aje anitukane.

Ghalani nilimkuta kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani, nyusi nyeupe kwa vumbi la unga. Aliponiona hakushangaa. Nilimwonyesha picha ya bibi harusi, naye akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Gauni hili halirudi," alisema.

"Kumbe ulikuwa unajua, kaka."

"Nilijua nini?"

"Kwamba sijui kupima mwanga."

"Unajua. Ulikuwa mvivu tu. Ulijua kuwachekesha watu wakakaa vizuri, hilo sikunyang'anyi. Mimi nisingeweza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi? Picha ulikuwa unazipokea mlangoni, bado zina maji, unatoka nazo mbio kwenda kusifiwa. Miaka ishirini na tisa hujakaa na mimi mle ndani hata dakika kumi."

Mtu mmoja akaleta gunia. Popo akalipima, akataja kilo, mtu akaondoka. Mimi nilisimama pale kama gunia jingine. Nikamwambia arudi. Nikamwambia kwenye kompyuta kuna kazi ya kusafisha kama ile ile, yule muuzaji atamfundisha, nitabadilisha kibao cha nje kiwe na majina mawili. Niliahidi mengi kwa mkupuo.

"Kibao," alisema. "Sasa ndiyo unakikumbuka?"

Hasira ikanipanda, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikizidiwa nakasirika.

"Basi kwa nini ulinichagulia hii, kaka? Ulikuwa unanijua. Ile nyepesi ingenipimia mwanga. Ingenitafutia uso. Ile ingenifanyia kila kitu na gauni la watu lingekuwepo!"

Popo alipangusa unga kwenye nyusi kwa mgongo wa mkono. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Ndiyo," alisema. "Ile ingekufanyia kila kitu. Na mpaka unakufa usingejua kama mimi nilikuwepo."

Akanirudishia picha, akamwita mwenye gunia linalofuata.