Swali la Msusi

Kikombe cha chai kilikuwa bado mkononi mwake wageni walipoangua kicheko. Alikuwa amemwinamia mumewe, mwalimu wa Kiingereza, na mbele ya walimu wenzake akajikaza kumuuliza: "Are you tiring?"

"Hapo umeuliza kama mimi ni mtu wa kuchosha, si kama nimechoka," mwalimu alisema, kidole juu kana kwamba yuko darasani. "Jibu wanalo wanafunzi wangu!"

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mke naye alicheka, kicheko cha kujisitiri, akaweka kikombe mezani na kurudi jikoni. Chai ikapoa. Swali lenyewe halikujibiwa na mtu.

Mke huyo alikuwa msusi. Siku hizi saluni yao ilipata wateja wa kigeni, na kwa kuwa msuko wa rasta hula nusu siku nzima, shingo ya mteja ikakakamaa kitini, alitaka sentensi moja tu ya kumjulia hali. Mumewe alikuwa amemfundisha huku akikata kucha.

"Kwa ukamilifu wake ni 'Are you feeling tired?' Lakini waliozoeana hupunguza maneno. 'Feeling tired?' Au 'You tired?' basi, sauti ipande mwishoni. Usije ukasema 'Do you tired.'"

"Kumbe Kiingereza nacho kikifika nyumbani huvaa kandambili," mke alisema.

Mwalimu aliupenda msemo huo. Kesho yake aliusema kwenye chumba cha walimu, akasifiwa kana kwamba ni wake.

Baada ya jioni ile ya wageni, mke hakumuuliza tena. Si kwa Kiingereza, wala kwa Kiswahili. Zamani mwalimu alipoingia na mfuko wa madaftari, alipokewa kwa "Pole na kazi, umechoka?" Sasa alipokewa kwa "Chakula kiko tayari." Hakukuwa na mlango uliobamizwa wala sahani iliyotupwa. Mwalimu alitamani mkewe anune, maana aliyenuna ana mlango wa kubishiwa hodi.

"Mbona huniulizi tena kama nimechoka?" alijaribu siku moja, akitia mzaha sautini.

"Niliogopa kukosea," mke alijibu, akaendelea kufuta meza. Hakusema kwa uchungu. Ndiyo maana maneno yale yalimkaa mwalimu kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi alasiri mvua ilipotishia, alichukua mwavuli akaenda saluni kumfuata. Mwavuli ulikuwa kisingizio. Alikuwa amekusudia kumwomba radhi njiani, na tangu nyumbani alikuwa akipanga maneno na kuyapangua. Alipofika mlangoni akasita nyuma ya pazia. Mkewe alikuwa amesimama nyuma ya mteja mgeni, vidole vikigawa nywele mafungu matatu matatu bila yeye kuvitazama.

"You tired?" aliuliza, na sauti ikapanda mwishoni palepale panapotakiwa.

Mwalimu alijikuta akitabasamu peke yake.

"A bit," mteja alijibu, akamtazama msusi kwenye kioo na kumrudishia swali. "What about you? Are you tired?"

Vidole vilisimama. Mwalimu aliona midomo ya mkewe ikifunguka, ikafungika, ikafunguka tena. Kisha akatikisa kichwa, akasema "Sorry" kwa sauti ndogo, na kuendelea kusuka.

Tabasamu lilimkauka mwalimu usoni. Alikuwa amemfundisha kuuliza, si kujibu. Haikumpitia akilini kwamba yupo atakayemuuliza mkewe. Akajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho yeye mwenyewe alimuuliza mkewe, kwa lugha yoyote ile. Alirudi nyuma mpaka mwaka waliohama nyumba, mpaka majuma mtoto wao alipolazwa na mkewe akawa anashinda saluni na kukesha wodini. Kote huko alisikia sauti ya mkewe ikimpa yeye pole. Yake hakuisikia.

Hakuingia. Aliketi kwenye ngazi, mwavuli magotini, mpaka mteja akatoka na msusi akafunga saluni.

"Kuna nini nyumbani?" mke aliuliza kwa wasiwasi alipomwona.

"Hakuna. Nimekufuata tu."

Radhi aliyoipanga ilimtoroka yote. Walitembea, yeye mbele kama kawaida yake, mpaka alipogundua hasikii tena viatu vya mkewe. Akageuka. Mke alikuwa ameachwa nyuma sana, ameegemea ukuta wa duka lililofungwa, akijifanya anatazama mawingu.

Mwalimu akarudi.

"Umechoka?" aliuliza.

Mkewe alimkagua uso, akitafuta mzaha. Hakuuona.

"Sijui hata nianzie wapi," akasema.

"Anzia popote."

Mke akajishusha taratibu, akakaa kwenye kizingiti cha duka. Mwalimu akakaa kando yake na kufungua mwavuli, maana matone yalikuwa yameanza.

"Basi tuanze na miguu," mke akasema, akavua kiatu.