Bahasha ya Saa Nne na Dakika Nne

Saa nne kamili Eduvigis Cañete, karani wa manispaa, alipiga mstari mwekundu wa kufunga daftari la kupokelea zabuni. Mstari huo aliupigania miaka miwili. Zamani kazi ya mkate wa shule za Potrero Yvaté ilipata mtu kwa simu moja tu ya meya. Siku hizi bahasha zinafunguliwa ukumbini, milango wazi, na mwenye macho aje atazame.

Leo walijaa. Jamaa wa kampuni ya mjini alikuwa kiti cha mbele, bahasha yake ameileta tangu juzi. Asiyeonekana alikuwa Anselmo Ovelar, mwoka mikate, baba wa ubatizo wa binti wa Eduvigis, hivyo wao huitana kompadre na komadre. Wiki nzima alikuwa akisema kwamba akikosa kazi hii, tanuri la marehemu baba yake analiuza.

Ndipo akaingia mbio, jasho linamtiririka, kijani cha mnanaa kimenata kwenye masharubu.

"Komadre, hii hapa."

Eduvigis akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika nne.

"Umekwama wapi, kompadre?"

"Nimechelewa tu."

"Andika saa nne, mama, tuendelee," meya akanong'ona. "Dakika nne nani atazililia?"

Jamaa wa mjini akainua mkono wake wenye saa, akaigonga kwa kidole. Watu wakacheka. Eduvigis hakucheka. Alitamani kalamu ikauke wino. Akaandika saa nne na dakika nne, akamrudishia Anselmo bahasha ikiwa imefungwa vilevile. Anselmo akaipokea, akavua kofia, akaketi nyuma kabisa mpaka kampuni ya mjini ikatangazwa mshindi. Ugomvi Eduvigis angeuweza. Ile adabu yake ndiyo iliyomuumiza.

Mchana alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Ña Poli, langoni kama kawaida, anatwanga mnanaa wa kutia kwenye maji ya tereré, chai baridi inayonywewa kwa pembe ya ng'ombe.

"Kompadre wako kapita hapa asubuhi," mama akasema. "Mbio kama kaiba kuku! Nikamwambia, we Anselmo, unanipita hivihivi? Keti unywe. Kanywa pembe tatu."

"Mama! Hakukwambia ana haraka?"

"Kasema. Nikamwambia tulia, mwenye kalamu si komadre wako? Atakufanya nini?"

Eduvigis akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na sketi yake ya kazi. Alitaka kumfokea mama, lakini machozi yalitangulia.

Hakuwa amenyanyuka Anselmo alipotokea na kikapu cha chipa za moto, vimkate vya jibini. Akavuta kigoda. Ña Poli akajaza pembe, akampa. Akavuta mrija taratibu mpaka maji yakaisha, akairudisha.

"Ungewaambia ni mama," Eduvigis akasema.

"Mbele za watu? Nimtaje Ña Poli kwa kunipa maji?" Akatikisa kichwa. "Mkate wa mwaka kesho bahasha zinapokelewa lini?"

"Machi, tarehe sita. Saa nne. Na tanuri?"

"Nitalishikilia mpaka Machi, nione." Akamgeukia bibi. "Ila siku hiyo, Ña Poli, usinitafute langoni. Nitapita njia ya nyuma, kwenye matope ya nguruwe."

"Na mimi," akasema Ña Poli, akijaza pembe nyingine, "nitahamishia kigoda changu na tereré ukumbini."