Posa na Mbuzi wa Ofisini

Mimi filamu za Kentali zinanichosha. Nimeitazama moja, mama anapiga pasi bahari muda wote na haikunyooka. Lakini Haroub, mtoto wa kaka yangu, na wenzake hapa Konde hukaa kila jioni barazani kwa Thuwein wakimjadili huyo mtengeneza filamu kama watu wanaogawa mirathi.

Ugomvi wao mkubwa ni mbuzi. Katika tamthilia ya Kentali ya televisheni kuna mbuzi anayekaa ofisini, nyuma ya meza ya mkurugenzi, vipindi vyote, na hakuna anayemuuliza kafuata nini. Thuwein anashikilia kwamba mbuzi ni dhamiri. Haroub anasema mbuzi ni mbuzi, na raha yote ni kuwa hana maelezo. Walishanuniana kwa hilo.

Sasa Haroub akamtaka Nihal, dada yake Thuwein. Baba yao keshafariki, kwa hiyo walii wa kumwoza ni Thuwein.

Ada ni wazee kwenda kuposa, mposaji abaki kwao. Thuwein akataka Haroub naye aje. Nikaudhika, lakini njiani nikamwambia, "Weye leo itikia kila analosema. Ukishaoa, huyo mbuzi nwite utakavyo."

Wanaume wakakaa ukumbini. Mimi nikakaa chumbani na Nihal, pazia likitutenga. Thuwein hakuuliza kazi, hakuuliza sala.

"Haroub, mbuzi ni nini?"

"Ni dhamiri, Bwana Thuwein."

"Na yule mama anayepiga pasi?"

"Naye dhamiri."

"Yule siye."

"Basi siye."

Nilifurahi. Nikamgeukia Nihal, nikamkuta kavimba.

"Bi Samiha," akaninong'oneza, "yuno ndiye aliyesema mbuzi ni mbuzi?"

"Ndiye, mwanangu. Keshaacha."

"Miye nilikuwa humu ndani siku ile wakigombana barazani, nikacheka mpaka nikatoka machozi. Kwa neno lile ndo nikampenda."

Huko ukumbini Thuwein alikuwa keshalainika, anaita wali uletwe. Akasogea karibu na pazia.

"Nihal, umeposwa na Haroub. Wasemaje?"

Kwetu mwari akinyamaza kakubali, na wengi hunyamaza.

"Sitaki," akasema Nihal. "Ntu wa kunambia mbuzi ni dhamiri n'naye humu nyumbani. Tosha."

Nilitamani ardhi inimeze. Sijapata kumchukia mnyama kama nilivyomchukia mbuzi yule. Nikasikia sauti ya Haroub ukumbini.

"Bwana Thuwein, nisamehe. Nimekudanganya kwa vile namtaka dada yako. Mbuzi ni mbuzi. Hata ukininyima, ni mbuzi."

Mzee Nyange, tuliyekwenda naye, akamvuta kanzu akae. Haroub hakukaa.

Thuwein alipandwa na hasira. "Haya," akasema, "nauliza mara ya pili, ili huyu apate jibu lake vizuri na aende zake. Nihal, umeposwa na Haroub, ntu asojua dhamiri wala haya. Wasemaje?"

Nihal akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Thuwein akangoja. Akakohoa, akangoja tena.

"Nihal, si useme."

Nihal hakusema neno.