Uzito wa Mheshimiwa

Kwa miaka thelathini na minne mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani, na wauza nyama wa mji mzima walimpa jina la Gramu, wakalitumia kwa siri kubwa kila alipowapa kisogo. Siku aliyostaafu walimwita hivyo waziwazi, naye akalipokea kama nishani. Ofisi ilipouza vifaa vyake vya zamani, alinunua mizani ya kupimia magunia, akaiweka ukumbini, pale ambapo watu wengine huweka viti vya wageni. Mkewe aliuliza wageni watakaa wapi. Alijibiwa kwamba mgeni mwenye adabu hakai sana.

Binti yao alifanya kazi katika kituo cha kuokoa mbwa walioachwa. Siku moja alikuja na mbwa jike wa kahawia, aliyegongwa na gari, mguu wa nyuma umetiwa chuma, mshono unaanzia nyongani hadi gotini. Juu ya hayo alikuwa na kifafa, na mbavu zake zingeweza kuhesabiwa na mtu aliyekaa ng'ambo ya barabara. Alihitaji nyumba tulivu ya kulelewa kwa wiki sita. Binti alimwomba mama yake, jikoni, kwa sauti ya chini, na baba mtu akasikia kila neno kutoka sebuleni, kama ilivyokusudiwa.

Gramu alitoa masharti. Mbwa asipande kiti. Asilambe mtu. Asipewe jina, maana kitu ukishakipa jina kimeshahamia. Na wiki sita ziwe wiki sita, si siku moja zaidi. Masharti hayo aliyarudia kwa jirani, kwa muuza nyama na kwa kinyozi, hata mtaa mzima ukajua kwamba yule mzee ameletewa balaa na anahesabu siku.

Siku ya tatu alianza kumwita mbwa Mheshimiwa. Mkewe alimkumbusha sharti la jina, akaambiwa hilo si jina, ni cheo. Maana mnyama huyo alilala kwenye godoro mchana kutwa, akaletewa chakula, akabebwa kwenda haja, hakufanya kazi yoyote, na bado alimtazama kila mtu kana kwamba amechelewa kikao. Alivalishwa kola pana ya plastiki shingoni ili asilambe mshono, na akipita ukumbini aliigonga kila mlango na kila mguu wa meza.

Kazi ya kumhudumia ilikuwa ya binti. Lakini binti alimtembeza haraka mno. Mama naye, alipopitisha taulo chini ya tumbo la mbwa ili kumsaidia kusimama, alilishika juu mno upande wa kushoto. Basi ikabidi Gramu, mtu asiyependa mbwa, ashike taulo mwenyewe, dakika tano asubuhi na dakika tano alasiri, kwa saa ya mkononi. Ikabidi pia afiche vidonge vya kifafa ndani ya maini, kwa kuwa wengine waliyakata maini vipande visivyolingana. Alilalamika kila siku. Mtu mwingine alipojaribu kumpokea mzigo huo, alilalamika zaidi.

Kila Jumamosi alimpandisha Mheshimiwa kwenye mizani, kisha akampigia simu daktari wa wanyama. Uzito ndio uliopanga kiasi cha dawa, na mbwa alivyonenepa ndivyo dawa ilivyopaswa kuongezwa. Siku ya kwanza alisoma kilo kumi na mbili na gramu mia nne. Daktari akasema, basi tuseme kumi na mbili na nusu. Gramu akamjibu kwamba hatutasema hivyo, na daktari, mwanamke mwenye kazi nyingi, akaandika mia nne.

Mbwa akifika kilo kumi na nane, na kutembea bila taulo, angekwenda kwa wenyewe. Walikuwa wameshapatikana, mwalimu mmoja na mumewe, wenye ua mpana na sifa zote njema. Gramu hakuwahi kuwaona, lakini aliwachukia kwa moyo mkunjufu.

Wiki ya tano mizani ilisema kumi na sita na mia moja. Wiki ya sita ikasema kumi na saba na mia tatu. Gramu aliitazama namba hiyo kwa muda, akainua simu, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema kumi na sita na mia moja, bila badiliko. Daktari akasema basi wasubiri, na dawa ibaki ilivyo. Wiki ya saba, mbwa akiwa na kilo kumi na nane na mia tatu, alitoa taarifa ya kumi na sita na mia mbili. Zile mia moja aliziongeza kwa ajili ya adabu. Alipoulizwa kama mgonjwa anakula, alisema anaonja tu. Wakati huo Mheshimiwa alikuwa akisukuma bakuli tupu kwa kola yake kutoka chumba hadi chumba, akidai nyongeza.

Mkewe hakuwa mkaguzi, ila alikuwa na macho.

"Mume wangu, si useme tu kwamba unamtaka?"

"Namtaka nani? Mimi nasubiri kuondokewa."

Na angesemaje? Jirani alijua anahesabu siku. Kinyozi alijua. Mtu aliyekula chumvi nyingi kama yeye hawezi kwenda kwa muuza nyama na kutangaza kwamba amebadili mawazo kwa sababu ya kiumbe anayekoroma. Kudanganya kulikuwa kwepesi kuliko kuomba. Wafanyabiashara wote aliowahi kuwatoza faini walimwambia hivyohivyo, na hakumsamehe hata mmoja.

Alhamisi saa nne asubuhi Mheshimiwa alianguka ukumbini. Miguu yake ilipiga sakafu kama anayekimbia akiwa amelala ubavu, povu likamtoka, macho yakabaki wazi bila kuona. Gramu alipiga magoti kando yake na kumvua kola. Mkewe alileta bomba la sindano lisilo na sindano na chupa ya dawa ya dharura ambayo binti yao aliiacha kwenye jokofu, akampigia daktari na kuiweka simu chini karibu na kichwa cha mbwa.

Daktari alikuwa mtulivu. Alieleza kwamba dawa ile hupitishwa nyuma, taratibu, na kipimo chake hutegemea uzito.

"Nina kumi na sita na mia mbili hapa. Ndivyo alivyo, Mzee?"

Mkewe alimtazama. Alikuwa ameona namba za mizani kila Jumamosi.

"Kumi na nane na mia tatu," alisema Gramu.

"Jumamosi ulisema kumi na sita."

"Jumamosi nilidanganya. Na Jumamosi iliyotangulia."

Kisha daktari akataja kipimo, na Gramu akavuta dawa hadi kwenye mstari, wala si juu wala si chini. Baadaye mbwa alitulia na kupumua kwa nguvu, akimtazama kama mtu aliyeamshwa na kelele za watu wasio na kazi.

Daktari alimwambia mengine yaliyobaki bila kupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. Vidonge vilikuwa vya mbwa wa kilo kumi na sita. Mbwa wa kilo kumi na nane alikuwa amevimeza kwa wiki mbili. Hesabu hiyo, alisema, nadhani unaiweza.

Jumamosi mwalimu na mumewe walikuja kumwona mbwa wao. Daktari alikuwa amewaeleza kuhusu kifafa. Kuhusu uongo, alimwachia mwenyewe aeleze akipenda. Mume wa mwalimu, mtu mpole mwenye kofia mkononi, alisema kwamba wamefikiri sana, na kama ugonjwa umerudi hata akiwa kwenye dawa, labda mnyama huyu anawazidi. Pengine watafute mzima. Mwalimu alikuwa amechuchumaa, mkono wake uko kwenye sikio la Mheshimiwa, na hakuinuka.

Kazi ya Gramu ilikuwa kunyamaza tu. Kunyamaza si uongo, angalau si uongo wenye namba. Wangeaga, wangekwenda zao, na mbwa angebaki palepale godoroni bila mtu yeyote mtaani kujua kwamba mzee ameomba kitu. Mkewe alikuwa mlangoni na sinia la chai. Binti alikuwa akitazama dirishani.

"Hakuanguka kwa sababu ya ugonjwa kuzidi," alisema. "Dawa ilikuwa ndogo. Na ilikuwa ndogo kwa sababu mimi nilipunguza uzito wake kwenye simu, ili asiondoke. Akipewa kipimo chake ni mbwa mzima."

Mume wa mwalimu alitazama ile mizani.

"Kumbe mizani ni mbovu?"

"Mizani haina kosa lolote. Mbovu ni mimi."

Wakamchukua. Gramu alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari ingawa alikuwa akitembea vizuri kwa miguu yote minne, na akatoa maelezo ya namna ya kukata maini, marefu kiasi kwamba chai ilipoa. Mwalimu aliuliza wapi watampima kila wiki, maana nyumbani hawana mizani ya namna hiyo. Gramu akasema Jumamosi, saa nne.

Jumamosi iliyofuata walichelewa dakika kumi na saba. Alikuwa ameandaa hotuba, ila Mheshimiwa aliingia bila kubisha, akapita katikati ya miguu yake, akapanda mizani na kuketi, akisubiri wafanyakazi waanze. Gramu akasoma, akapiga simu, akataja kilo kumi na nane na mia sita.

Daktari akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeiona namba hiyo.

Masikio ya Gramu yalipata moto. Alimpa mwalimu simu, akasogea pembeni, akaweka mikono nyuma, akangoja mtu mwingine asome mizani yake.