Paneli ya Marehemu Abdulrazak

Tangu mkwewe Huseni apande juu ya paa lake, Bi Sauda hakuwa na imani naye tena. Paneli ile ya sola aliinunua marehemu mumewe, Abdulrazak, kwa fedha za ufuta wa mwaka 2009, na miaka yote hiyo iliwaangazia hapo Likawage bila kulalamika. Mkwewe akaigusa siku moja tu, basi taa ikaanza kufifia. Sasa isha haijaadhiniwa, nyumba giza totoro.

Na aliigusa lini? Wakati yeye yuko shamba. Hilo ndilo lililomkereketa. Mtu mwenye nia safi hapandi paa la mkwewe kwa kunyemelea. Kwa Bi Sauda jibu lilikuwa wazi: kijana ameibadilisha. Nzima iko kwake, yeye kawekewa kimeo.

Angekaa na wazo hilo rohoni lingemuumiza mwenyewe tu. Lakini alimwambia Agnes kisimani, na Agnes kwa habari ni gunia lililotoboka. Jioni ile kijiji kizima kilijua kwamba Huseni ni mwizi. Bi Sauda hakujuta. Akamwita binti yake Moza, mke wa Huseni, akamwamuru akae kwake mpaka paneli irudi.

"Mama, una hakika?" Moza aliuliza. "Ile paneli imezeeka."

"Baba yako aliambiwa dukani itatuzika wote. Mimi bado sijafa."

Siku ya nne Huseni akaja asubuhi na ngazi begani, akasimama nje ya ua, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeileta?"

"Nimekuja kuishusha, uiangalie mwenyewe. Naomba uingie ndani kwanza."

"Niingie ndani ili ufanye nini?"

"Siwezi kupanda, mama, huku mkwe wangu ananitazama. Ndiyo maana siku ile nilingoja uende shamba. Waya ulitafunwa na panya, karibu kukatika, nikaunga, nikashuka."

Bi Sauda akaguna. Adabu hiyo aliijua. Abdulrazak hakuwahi kukaa mkeka mmoja na mama mkwe wake. Akaingia ndani, lakini jicho akaliacha dirishani.

Paneli ikashushwa, ikaegemezwa ukutani, mgongo nje. Akatoka kuitazama. Pale nyuma, kwa rangi nyekundu iliyobaki ya milango, palikuwa na mwandiko wa kupindapinda wa Abdulrazak: jina lake na mwaka. Ilikuwa ile ile. Huseni akaigeuza. Kioo kilikuwa kimevaa utando wa manjano, mgumu kama ukoko wa sufuria.

"Nini hicho?"

Huseni alikwangua kwa ukucha, akanusa. "Salfa."

Mikorosho iliyozunguka nyumba ilipuliziwa dawa hiyo ya unga mara mbili, wiki ile ile waya ulipoungwa, kwa amri ya Bi Sauda mwenyewe, tena alfajiri penye umande, ili unga ushike vizuri kwenye maua. Ulishika vizuri hata kwenye paneli.

Moza akaleta maji na kitambaa. Mume na mke wakaisugua taratibu, bila kumsemesha mtu wa tatu. Bi Sauda aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akakimbilia jikoni, akapika wali wa nazi, akatandika mkeka mpya barazani.

"Baba, karibuni chakula," alimwambia mkwewe, paneli ilipokwisha kurudi juu.

"Tumeshashiba, mama," Huseni alijibu kwa upole. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Moza tayari alikuwa ameshika furushi lake, na hakugeuka nyuma.

Magharibi Bi Sauda akawasha taa ya barazani. Iliwaka kama siku ile Abdulrazak alipoifunga. Sinia lilionekana vizuri, wali umepoa, na mkeka haujakaliwa na mtu. Kesho angekwenda kisimani kumwambia Agnes kwamba Huseni si mwizi. Lakini alimjua Agnes. Habari ya namna hiyo yeye haifikishi hata kwa jirani.