Picha Iliyokosa Mwenyewe

Nyumba ya shangazi ilikuwa inavuma kwa soga mpaka barabarani, lakini Uzi alipotia mguu sebuleni, wote wakafyata midomo. Mjomba, ambaye hajawahi kunyamaza hata msibani, akaanza kukohoa.

"Karibu, mwanangu," akasema mama mdogo, taratibu na kwa sauti kubwa. "Kaa. Hiki ni kiti."

"Nakijua, mama mdogo. Mto wake nimeshona mimi."

Jina la Uzi alibandikwa na ukoo enzi zile chakula kilipomshinda, akakonda mpaka pete zikawa zinamvuka. Sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu aanze kula tena, anahudhuria kliniki, na kesho yake alikuwa akabidhiwe meza ya kukatia kwenye karakana ya shangazi ya sare za shule. Meza ile si mchezo. Kitambaa kinatandikwa tabaka arobaini, mkasi wa umeme unapita mara moja. Mkono ukiteleza, mashati arobaini yamegeuka matambara. Aliisubiri miaka sita.

"Ile meza," shangazi akasema, akimkwepa macho, "tuiache kwanza. Upumzike. Si tumekiona kichwa chako?"

"Mmekiona wapi?"

Mjomba akamgeuzia simu. Kumbe familia ilikuwa na kundi la pili, lisilo na yeye. Humo ilikaa picha ya ubongo, na chini yake maneno ya dada yake: *Tabaka la nje la ubongo limekuwa jembamba kwa kukosa chakula. Acheni kumsema.*

Dada huyo ndiye mwendesha mashine ya picha hospitalini, na ndiye aliyembembeleza aingie kwenye utafiti wa daktari mmoja kuhusu ubongo wa watu walioshindwa kula. "Tutaona mimi na daktari tu," alimwapia. Sasa alikuwa dirishani, ghafla kucha zake zimekuwa na mambo mengi ya kutazamwa.

Uzi akamvuta ukumbini.

"Uliniapia, dada."

"Walikuwa wanakusema! Eti unaringa, eti unatafuta kiuno. Nikawaonyesha ni ugonjwa. Nimekutetea, mdogo wangu."

"Hiyo ni ya mwanzo. Ya mwezi uliopita iko wapi? Daktari alisema tabaka limejaa tena, karibu sawa na la mtu yeyote."

Dada akashusha sauti. "Ile iko kawaida tu. Nani angeniamini kwamba uliumwa?"

Mkono uliomsuka nywele tangu utotoni ndio uliomvua nguo hadharani, tena ukaficha kanga ya kujisitiri.

"Itume. Sasa hivi."

Waliporudi sebuleni, simu zikalia mfululizo. Shangazi akavaa miwani.

"Ubongo huu nao wa nani? Mbona mzuri hivi?"

"Utakuwa wa daktari mwenyewe," mjomba akasema, watu wakacheka.

"Ni wangu," Uzi akasema.

Mama mdogo akampapasa bega. "Ndiyo, mama. Ni wako."

Picha haikuwa na jina. Ile ya kwanza pia haikuwa nalo, ila hiyo hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani. Shangazi akamgeukia dada. "Wewe ndiye mwenye kazi. Ni wa huyu?"

Neno moja lilitosha. Lakini neno hilohilo lingezaa swali: kwa nini uliificha mwezi mzima?

"Picha ni nyingi, shangazi," dada akajibu. "Nitaangalia kazini kesho."

"Basi kesho atakata yule binti wa vifungo," shangazi akaamua.

Uzi akatoa simu, akatafuta namba, akaweka spika. Ikaita.

"Unampigia nani?" dada akauliza.

"Daktari wa utafiti. Nataka kujua picha zangu zilitokaje hospitalini."

Dada akaruka kutoka kitini. "Kata! Unataka nifukuzwe? Shangazi, ni wake! Ubongo huo ni wake, umepona, nilijua! Kata simu, mdogo wangu!"

Nyumba nzima ikasikia. Shangazi akavua miwani polepole.

Uzi naye alisikia. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe chekundu, kikabaki hapohapo, mpaka upande wa pili ukaitika.

"Shikamoo, daktari," akasema. "Samahani kwa kukusumbua Jumapili."